Wazee Walioipa Televisheni Mgongo

Sikia kwanza, kabla hujafungua kitu kingine kwenye hiyo simu yako. Kuna nchi moja, na si nchi yetu. Narudia kwa herufi kubwa: SI NCHI YETU. Kwetu mambo haya hayapo, wewe unajua, mimi najua, na huyo anayesoma nyuma ya bega lako naye anajua. Hii ni nchi ya huko, ukivuka mpaka unavuka tena mpaka mwingine. Watu wake wazuri, viongozi wake wazuri zaidi, na kiongozi mkuu ni mzuri kiasi kwamba wameamua kumwita Mtukufu tu, wasipoteze muda kueleza.

Sasa nchi hiyo ina televisheni ya Serikali, na hiyo televisheni inatazamwa kwa asilimia mia moja. Usicheke. Hesabu ilipigwa na wasomi. Raia wengine wote huko macho yao yako kwenye simu tangu wanaamka mpaka chaji inakata, kwa hiyo televisheni ya Serikali imebaki ikitazamwa sehemu moja tu: sebuleni kwa wazee wa Nyumba ya Tulizana, pale wanapotunzwa wazee ambao watoto wao wako bize. Wazee wapo, televisheni ipo, na magoti ya wengi hayawaruhusu kuondoka. Basi wasomi wakaandika: "Kati ya watu wote wanaotazama, wanaotazama ni asilimia mia moja." Mtukufu akasomewa, akapiga makofi.

Televisheni yenyewe iko ukutani ndani ya kizimba cha nondo. Ufunguo wa kizimba anao Mkuu wa Wilaya. Rimoti anayo Mkuu wa Mkoa, kwa sababu za kiusalama. Ukitaka sauti ipunguzwe, unasubiri ziara. Na juu ya kizimba kuna kimashine chenye jicho jekundu kinachoitwa Mhesabu Nyuso. Kila uso ulioelekea televisheni kinauhesabu, kinautuma makao makuu, na asubuhi Mtukufu kabla hajagusa chai anaambiwa jana umetazamwa kiasi gani. Akisikia mia, anakunywa chai. Miaka yote alikuwa anakunywa chai.

* * *

Pale Tulizana yupo bibi mmoja anaitwa Bi Sikudhani. Mwembamba, miwani imefungwa na uzi upande mmoja, mdomo haupumziki. Alizaa watoto, akalea, akasomesha, wakapata kazi nzuri nzuri, na kwa kuwa kazi zao ni nzuri sana hawapati nafasi ya kuja. Kijana pekee anayefika kumwona kila siku bila kukosa anaitwa Ladi Mkolwe. Huyu Ladi ndiye msomaji wa taarifa ya habari.

Jamani, ungeona. Habari ikikaribia, Bi Sikudhani anajitanda kanga vizuri, anavuta miguu chini ya kiti, anawaambia wanawake wenzake, "Jifunikeni, kuna mgeni wa kiume anaingia." Ladi akitokea na suti yake, "Habari za jioni, watazamaji wapendwa," bibi anajibu kwa sauti, "Njema, baba, karibu!" Ladi akisoma habari ya mafuriko, bibi anamwambia, "Pole, mwanangu." Tai ikikaa upande, bibi anasikitika, "Huyu hana mtu wa kumtazama huko kwake." Na Ladi akiaga, bibi anampungia mkono, "Ufike salama. Usipite njia ya bondeni."

Sasa alikuwepo na mzee mmoja, Mzee Chogo. Zamani alikuwa akipuliza filimbi treni iondoke, na mpaka leo akitaka kuanza kuongea anapuliza kwanza mdomo. Huyu na Bi Sikudhani ni watani. Utani wa huko kwao ni wa makabila, unaruhusiwa hata msibani, kwa hiyo hakuna wa kumkataza.

Jioni moja Ladi ameshaingia, ameshasema habari za jioni, bibi ameshajibu, Mzee Chogo akapuliza.

"Fyuuu! Hivi wewe mtani, huyo mtoto wako mbona hajawahi kukuamkia?"

"Si kaniambia habari za jioni?"

"Habari za jioni ni salamu ya kuuliza njia! Mtoto mdogo vile anaingia nyumba imejaa wazee, anasema habari za jioni? Shikamoo iko wapi? Huyo hakutambui, mtani. Huyo anakuona kama mlingoti."

Sebule nzima ikacheka. Bi Sikudhani hakucheka. Alimtazama Ladi mpaka michezo, mpaka hali ya hewa, na Ladi alipoaga, kwa mara ya kwanza mkono wa bibi haukupunga. Maana ukifikiria ni kweli. Miaka yote hiyo, hajawahi. Na kama na huyu naye hamtambui, basi amebaki na nani?

Kesho yake, habari ilipokaribia, alisimama, akakishika kiti chake cha plastiki, akakigeuza, akaketi akitazama ukuta wa nyuma.

"Bibi, unafanya nini tena?" akauliza Matroni Eutropia, mwangalizi wa nyumba.

"Nimesusa. Akiniamkia, nitageuka."

"Bibi, yule hakuoni."

"Mbona wao wananiona?" Akanyoosha kidole juu bila kugeuza kichwa, kuelekea lile jicho jekundu.

Bibi wa pembeni naye akasema kumbe ni kweli, hata mimi sijawahi kuamkiwa, akageuza kiti. Na mwingine. Mzee Chogo aliyeanzisha vurugu yote akaona amebaki peke yake kama abiria aliyepitilizwa kituo, naye akageuza. "Mimi nageuka kwa sababu ya mgongo," akasema. "Unataka joto la televisheni."

* * *

Makao makuu ya Idara ya Utazamaji, namba ikasoma sifuri.

Mkurugenzi wa Idara, Dakta Mng'aro, msomi aliyepata udaktari wake kwa kuchunguza shingo za binadamu hugeuka upande gani, alipoiona hiyo sifuri alikaa chini kwenye sakafu. Akaagiza kimashine kichunguzwe. Kizima. Akaagiza umeme uchunguzwe. Upo. Basi likabaki jambo moja tu linaloingia akilini: wazee wote wa Tulizana wamekufa kwa mpigo.

Na Serikali ya huko, sifa yake moja ni kwamba haicheleweshi rambirambi. Bendera zikashushwa nusu mlingoti. Televisheni ikakata vipindi, ikaanza kupiga nyimbo za maombolezo. Matroni Eutropia alikuwa anagawa dawa, simu ikaita.

"Pole sana, Matroni, kwa msiba mzito."

"Msiba wa nani tena?"

"Wa wazee wako wote."

Matroni akawatazama. Wanatafuna karanga, mgongo kwa televisheni.

"Bi Sikudhani," akauliza taratibu, "hapo mlipo mko hai?"

"Nani kafa?" akauliza bibi. "Naona wanapiga muziki wa huzuni."

"Nyinyi."

"Sisi?" Akafikiri kidogo. "Na Ladi anasemaje?"

"Anasoma majina yenu. Analia."

Bi Sikudhani akakamata mkono wa kiti. Mwili ulitaka kugeuka, nakwambia. Kiuno kilishaanza. Lakini akajizuia. "Analia, lakini hajaamkia," akasema. Sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

* * *

Matroni alipoeleza kwamba wazee wako hai ila wamegeuka tu, Dakta Mng'aro akaja mwenyewe, na gari tatu, na mpiga picha, na kijitabasamu. Akasimama katikati ya sebule, na kwa kuwa wazee walikuwa wameipa televisheni mgongo, ikabidi ahutubie upande wa ukutani, amejibana kati ya kabati na ndoo.

"Wazee wangu," akaanza, "katika muktadha wa utazamaji jumuishi na endelevu, na kwa namna ya kipekee kabisa, Serikali imepokea kwa masikitiko mchakato wenu wa kugeuka. Serikali yenu sikivu inauliza: changamoto ni nini? Ni mito? Mito inakuja. Ni sukari? Sukari iko njiani."

"Wewe nani?" akauliza Bi Sikudhani.

"Mimi ni Dakta Mng'aro."

"Na wewe umeingia bila shikamoo. Kumbe ni ugonjwa wa ofisini kwenu."

Mzee Chogo akapuliza. "Fyuuu! Dakta kaachwa na treni!"

Dakta akaona hapa maneno hayatoshi, tutumie sayansi. Kama wazee wametazama ukuta wa nyuma, si televisheni inafungwa ukuta wa nyuma? Ikafungwa ya pili. Wazee wakageukia upande wa dirisha. Ikafungwa ya tatu, juu ya dirisha, hewa ikakata. Wakageukia mlangoni. Ya nne ikaning'inizwa mlangoni, mtu akitaka kutoka anainama. Basi wazee wote wakainamisha vichwa, wakatazama sakafu kama watu wanaosubiri kusamehewa. Fundi akatoka nje kupiga simu kuulizia kama kuna televisheni inayoweza kukanyagwa.

Dakta akachuchumaa mbele ya Bi Sikudhani, kijasho kinamtoka.

"Bibi yangu, nakuomba. Unataka nini hasa?"

"Nimeshasema. Kitu kidogo hiki. Ladi aniamkie."

"Basi?"

"Basi. Nikishaitika marahaba, nitageuka, na wote watageuka."

Wewe hapo unasema, ah, jambo limekwisha, si aamkie? Wewe hujakaa serikalini.

* * *

Ladi aliitwa ofisini. Kijana mpole, macho mekundu bado kwa msiba wa juzi.

"Dakta, niruhusuni," akasema. "Mimi kwetu naamkia hata mtu aliyenizidi wiki. Hata mimi inanikera kuwasalimia watu wazima kama nauza vocha."

"Mkolwe," Dakta akasema, "hujui sheria? Tangu taarifa inaanza mpaka inaisha, kinywa cha mtangazaji ni mali ya Mtukufu. Ukisema mvua, ni Mtukufu amesema mvua. Sasa ukisema shikamoo, nani ameamkia?"

"Mtukufu."

"Ameamkia nani?"

"Bi Sikudhani."

"Na Mtukufu ni nani?"

"Baba wa Wote."

"Baba wa Wote amwamkie mtu anayefunga miwani na uzi? Toka."

Kesi ikapanda kwa Waziri wa Mambo Yanayoonekana. Waziri akasema hapa shida si shikamoo, shida ni umri. Mtukufu ni kijana tu, ana nywele zote. Mradi wapo raia waliomzidi umri, shikamoo itakuwa inamnyemelea. Dawa ni moja: Mtukufu awe mkubwa kuliko wote. Kisheria.

Bunge likaitwa siku hiyo hiyo. Mbunge mmoja alilia kwa furaha, akasema yeye binafsi siku zote alikuwa anamwona Mtukufu amezeeka ila aliogopa kusema. Mwingine akasema umri ni rasilimali ya taifa na haiwezekani rasilimali ikalimbikizwa na wazee wachache wa Tulizana wakati Mtukufu hana. Sheria ikapita kwa vigelegele: umri wa Mtukufu utakuwa ni umri wa raia mzee kuliko wote, ongeza siku moja.

Wakatafuta raia mzee kuliko wote. Kumbe ni Mzee Chogo.

"Ulizaliwa lini, mzee?"

"Mimi? Mwaka wa nzige."

"Mwaka gani huo?"

"Wa nzige, nimekwambia. Nzige walitua asubuhi, mimi nikatua jioni."

Ikaandikwa hivyo hivyo. Kuanzia siku ile watoto wa shule nchi hiyo wanaimba mstarini kwamba Mtukufu alizaliwa siku moja kabla ya nzige. Noti mpya zikachorwa ndevu. Na kwa kuwa ndevu zenyewe Mtukufu hakuwa nazo, kinyozi wa Ikulu akawa anambandika pamba kila asubuhi. Mzee Chogo akapewa askari wa kumlinda asife, maana akifa Mtukufu anarudi ujana ghafla na noti zote zinachapwa upya. Mzee akipiga chafya, askari anapiga simu.

* * *

Taarifa ya habari ya kwanza baada ya sheria. Sebuleni Tulizana viti vimegeuzwa, televisheni imebaki moja, ile ya zamani, zingine zimerudishwa kwa mkopeshaji. Ladi anaingia.

"Watazamaji, kabla ya habari, mwamkieni Mzee wenu, Mtukufu."

Akanyamaza. Walikuwa wameacha nafasi maalumu ya kuitikia. Unamsikia Ladi anapumua tu. Nchi nzima iko kwenye simu, Tulizana iko ukutani, na nafasi ile ikapita tupu kabisa, kama ujumbe uliosomwa ukaachwa bila jibu.

"Ahsanteni," akasema Ladi. Sauti imekauka.

"Anaumwa," Bi Sikudhani akanong'ona, macho ukutani. "Mtoto anaumwa na hakuna wa kumpa hata uji. Eutropia, hebu nitazamie, amekonda?"

Matroni akatazama. "Amekonda, bibi. Shati limekuwa kubwa. Geuka tu umwone, mama, utajiua kwa roho ngumu."

"Sigeuki. Nikigeuka bila salamu, nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mlingoti." Akafuta miwani kwa pembe ya kanga. "Aniamkie tu. Hata kwa sauti ndogo."

Sasa hapa ndipo penye balaa lenyewe. Wabunge wote wale, Waziri mzima, Dakta mzima wa shingo, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kitu kimoja kidogo: Mtukufu ana mama.

Anaitwa Bi Perusi. Anaishi Ikulu, chumba cha nyuma kwenye kivuli. Asubuhi iliyofuata mtoto wake amekuja kunywa naye chai kama kawaida, ndevu za pamba usoni, na nyuma yake afisa wa itifaki mwenye glavu nyeupe. Bi Perusi akakaa, anasubiri. Mtukufu amesimama, anasubiri. Chai inapoa.

"Mbona huniamkii?" akauliza Bi Perusi.

Afisa akakohoa. "Bi Mkubwa, samahani, kuanzia sasa unaanza wewe. Kisheria amekuzidi."

"Amenizidi nini?"

"Umri, Bi Mkubwa. Wewe na nzige, yeye ametangulia."

Bi Perusi akamtazama mwanawe. Mwanawe akatazama sosa.

"Mtoto nimembeba mgongoni mpaka mgongo ukakataa kunyooka," akasema Bi Perusi, "leo ananizidi?" Hakupiga kelele. Alikunja nguo zake mbili tatu, akachukua mto wake, akatoka geti kuu walinzi wakimpigia saluti kwa mazoea tu. Akasimamisha bodaboda. "Nipeleke kule kwa wazee waliosusa."

Alipofika Tulizana akakuta migongo ile yote. Hakuuliza. Akaomba kiti, akakigeuza, akakaa karibu na Bi Sikudhani.

"Karibu, dada. Wewe hujaamkiwa na nani?"

"Na wa kwangu wa kuzaa."

"Mimi na wa kwenye televisheni."

"Afadhali wako," akasema Bi Perusi. "Wako anakuja kila siku."

* * *

Mtukufu bila mama yake hakunywa chai siku nzima. Akasema anakwenda kumfuata. Dakta Mng'aro akaona mwanya: hii irushwe hewani moja kwa moja! Wakaipa na jina, "Ziara ya Kihistoria ya Mzee wa Taifa kwa Mdogo Wake Aliyemzaa." Msafara ukashuka Tulizana mchana kweupe, ving'ora, maua, nyaya zimetambaa mpaka jikoni. Na wa kutangaza, akiwa na kipaza sauti mkononi, akasimamishwa palepale chini ya kizimba cha televisheni: Ladi Mkolwe.

Mtukufu akaingia, ndevu zinapepea. Akaenda mpaka kwenye mgongo wa mama yake. Hotuba anayo, kurasa na kurasa. Akafungua mdomo.

"Sijaamkiwa," ukasema mgongo.

Mtukufu akamtazama Dakta. Dakta akamtazama afisa wa itifaki. Afisa akatazama glavu zake. Hewani wako, hawawezi.

"Mama," Mtukufu akanong'ona, "kamera zinatazama."

"Na mimi sitazami."

Dakta akabuni haraka, ndiyo maana analipwa. "Kata matangazo! Weka picha ya ua!" Skrini ikaweka picha ya ua jekundu na muziki laini, na kule makao makuu wakaambiwa kuna hitilafu ndogo ya kiufundi. Mtukufu alipoona taa ya kamera imezima, akapiga magoti pale sakafuni mwenye nchi yake, pamba ikabanduka ikamwangukia mama yake mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahabaa!" ikaitikia sebule nzima, maana salamu ikitolewa chumbani mwa wazee kila mzee anachukua fungu lake. Bi Perusi akamshika kichwa. "Marahaba, baba. Na hii pamba umeitoa wapi? Unajichafua."

Mmoja tu hakuitikia. Bi Sikudhani, katika ile purukushani, alisikia sauti anayoijua ikikohoa nyuma yake. Akageuka kidogo tu, kwa ncha ya jicho. Akageuka kabisa.

Aliona suti, tai, ule uso. Na chini ya suti, jamani, Serikali ya huko humvisha mtangazaji mpaka kiunoni tu, chini ni jukumu lake binafsi. Suruali imechanika goti. Kandambili, moja ya bluu, moja ya kijani.

"Wewe una miguu?" akauliza Bi Sikudhani.

"Ninayo, bibi."

"Mimi siku zote nilijua unaishia kifuani." Akamkagua juu mpaka chini. "Ndiwe Ladi?"

"Ndimi."

Hata Mzee Chogo, mdomo ameshaukunja tayari kupuliza, akauacha hivyo hivyo.

"Mkolwe!" Dakta Mng'aro akafoka kutoka kwenye nyaya. "Kinywa hicho!"

"Matangazo yamekatika, Dakta," akasema Ladi. Akakiweka kipaza sauti chini, taratibu, kama mtu anayetua mzigo wa watu. Akavua kandambili. Akasogea, akainama mpaka tai ikagusa magoti ya bibi.

"Shikamoo, bibi."

Bi Sikudhani alimwekea mkono kichwani kwanza, akahakikisha ni nywele, ni joto, ni mtu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umekula?"

"Sijala, bibi. Tangu jana."

"Si nilisema! Eutropia, nilisema au sikusema? Lete viazi! Lete na chai!"

Ladi akaketishwa kwenye ndoo iliyogeuzwa, palepale chini ya televisheni maana ndipo palipokuwa na nafasi, akapewa sahani ya viazi vitamu. Bi Sikudhani akageuza kiti chake kumwelekea. Bi Perusi akageuza. Wote wakageuza, plastiki inakwaruza sakafu kwaruu kwaruu, wakaanza kumtazama mtoto anavyokula. Mzee Chogo akamwambia atafune vizuri. Na lile jicho jekundu, juu ya kizimba, likaona nyuso zote zimelielekea.

"Mtukufu!" Dakta Mng'aro akapayuka, simu mkononi. "Mia moja! Hapana, mia moja na kidogo, Bi Mkubwa naye amehesabiwa! Haijawahi kutokea! Tumerudi hewani, Mtukufu, hotuba, hotuba!"

Taa ya kamera ikawaka. Mtukufu akainuka, akapangusa magoti, akabandika pamba upande mmoja haikushika, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Wananchi wenzangu..."

"Ssss!" Bi Sikudhani akainua mkono bila kumtazama. "Ngoja kwanza. Mtoto anakula."

Mtukufu akasimama na karatasi zake. Akamtazama Dakta, Dakta anatazama namba, namba ni nzuri. Harufu ya viazi ikampitia puani. Akavuta stuli ya plastiki, akakaa, akamwinamia mama yake sikioni.

"Mama. Hata mimi sijala."

"Wewe si mkubwa wetu sote?" akasema Bi Perusi, macho kwa Ladi. "Subiri wadogo wale."